Sindano za kusimamisha balehe ya mapema: ipi inafaa, na mtoto gani hazihitaji

Dawa hizi zinafanya kazi. Tunaanza na hilo kwa sababu mzazi anayeambiwa kwamba binti yake wa miaka sita ameanza kubalehe huwa anataka kujua jambo moja kabla ya mengine yote: je, inaweza kusimamishwa? Inaweza. Msichana aliyechaguliwa vizuri, akachomwa kwa wakati, matiti yake huacha kukua, hedhi haianzi au hukoma, na mifupa yake huacha kukimbilia utu uzima. Ubovu unaoonekana mara nyingi hautoki kwenye chupa ya dawa. Hutokana na kumpa mtoto asiyeihitaji, au kumpa anayeihitaji kwa ratiba iliyolegea.

Dawa zenyewe ni tatu: leuprolidi, triptorelini na histrelini. Zote hufanya kazi kwa njia moja. Ubongo huanzisha balehe kwa kuachia homoni iitwayo GnRH kwa mapigo, yaani inatoka, inapumzika, inatoka tena. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ikipokea mapigo hayo hutoa homoni za LH na FSH, na hizo ndizo huziamsha ovari zitengeneze estrojeni, homoni ya kike. Dawa ni mfano wa GnRH wenye nguvu zaidi, ila haina mapigo. Inamiminika mfululizo usiku na mchana, na pituitari isiyopata nafasi ya kupumzika huacha kuitika. LH inashuka, ovari zinalala. Tiba hii imetumika kwa watoto tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo wasichana wa kwanza walioipata leo ni wanawake watu wazima, na uzazi wao umefuatiliwa. Haiharibu uwezo wa kupata mimba baadaye.

Ni vizuri kuelewa utaratibu huo kwa sababu unaeleza jambo linalowatisha wazazi wengi. Kabla pituitari haijazima, kwanza hushtuka. Katika wiki mbili hadi nne za mwanzo homoni hupanda badala ya kushuka. Matiti yanaweza kuuma zaidi, mtoto anaweza kuwa na hasira au kulialia, na msichana ambaye mji wake wa mimba ulikuwa umeshaandaliwa na estrojeni anaweza kutoa damu ukeni mara moja kwa siku chache. Mzazi asiyeambiwa mapema hudhani dawa imeharibu kitu na huacha kurudi kliniki. Mpe mtoto pedi ndogo tayari kwenye begi la shule mwezi huo wa kwanza, na mweleze kwa lugha yake kwamba huenda ikatokea. Damu ikiendelea kuja baada ya mwezi wa pili, hapo ndipo pa kuuliza kama kipimo cha dawa kinatosha au kama sindano iliingia sawasawa.

Sasa swali la nani anastahili, ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko swali la sindano ipi.

Kitabibu, balehe ya mapema kwa msichana ni kuota matiti kabla ya kutimiza miaka 8. Mpaka huo uliwekwa kwa takwimu za zamani. Marshall na Tanner, waliochapisha vipimo vya wasichana wa Uingereza mwaka 1969, walikuta matiti yakianza kuota kwa wastani kwenye miaka 11. Mwaka 1997 utafiti wa Marcia Herman-Giddens, uliohusisha wasichana zaidi ya 17,000 nchini Marekani, ulikuta wastani wa karibu miaka 10 kwa wasichana wazungu na chini kidogo ya miaka 9 kwa wasichana weusi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliounganisha tafiti za nchi mbalimbali, ulionyesha umri huo ukishuka kwa karibu miezi mitatu kila muongo kuanzia 1977 hadi 2013. Umri wa kuvunja ungo nao umeshuka, lakini polepole zaidi. Maana yake ni kwamba wasichana wa leo huanza mapema na hukaa muda mrefu zaidi kati ya titi la kwanza na hedhi ya kwanza.

Kwa hiyo msichana wa miaka 8 na nusu mwenye uvimbe mdogo chini ya chuchu yumo ndani ya kundi kubwa la wenzake. Anahitaji maelezo, sidiria laini isiyobana, na mtu mzima wa kumlinda dhidi ya macho ya watu wanaomwona mkubwa wakati akili yake bado ni ya darasa la tatu. Sindano hahitaji. Faida ya kimo, ambayo ndiyo sababu kuu ya kuagiza dawa hizi, ni kubwa kwa walioanza kabla ya miaka 6. Kwa walioanza kati ya 6 na 8 hutofautiana sana, na baada ya miaka 8 haionekani. Kumchoma mtoto miaka miwili kwa sentimita ambazo hazitakuja ni kumwonea.

Sababu zinazosogeza balehe mapema nazo zinaingia hapa, kwa kuwa baadhi yake hazitibiwi na dawa hizi hata kidogo.

Uzito ndio sababu iliyothibitishwa vizuri zaidi kwa wasichana. Mafuta ya mwili hutoa leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ya kutosha ipo, na bila leptini ya kutosha balehe haiendelei. Mafuta hayohayo hubadilisha homoni nyingine kuwa estrojeni. Msichana mwenye uzito mkubwa anaweza kuota matiti mapema ilhali LH yake bado iko chini, na huyo sindano haimsaidii kwa sababu hakuna mapigo ya ubongo ya kuzima. Tena uzito unadanganya macho. Mlaze mtoto chali, daktari apapase kwa ncha za vidole kuzunguka chuchu. Titi halisi lina kitu kigumu mviringo kama kifungo chini ya chuchu, mara nyingi kinauma kikibonyezwa. Mafuta ni laini kotekote, na chini ya chuchu penyewe vidole huhisi pamebonyea. Mtoto akiwa amesimama na blauzi haiwezekani kujua, na wapo waliotumwa kupiga picha ya ubongo kwa sababu hakuna aliyemlaza akapapasa.

Kisha kuna kemikali. Tuseme ukweli kwamba ushahidi wake una uzito tofautitofauti. Thalati, parabeni, bisfenoli A na triklosani, zinazopatikana kwenye plastiki, vipodozi na sabuni, zinaweza kugusa mfumo wa homoni, na utafiti wa California uliochapishwa mwishoni mwa 2018 ulikuta wasichana ambao mama zao walikuwa na viwango vikubwa vya dietili thalati na triklosani wakati wa ujauzito wakianza balehe mapema kuliko wengine. Hiyo ni sababu nzuri ya kupunguza manukato na losheni zenye harufu kali mwilini mwa mjamzito na mtoto, lakini haitoshi kumwambia mzazi mmoja kwamba losheni fulani ndiyo iliyomwamsha binti yake. Pale ushahidi unapokuwa wa moja kwa moja ni kwenye homoni halisi: krimu ya estrojeni anayopaka bibi au mama mkononi kisha akambeba mtoto, jeli ya testosteroni anayopaka baba mabegani, na mafuta ya nywele yenye dondoo la kondo la nyuma, ambayo yaliripotiwa miaka ya 1990 kwa watoto walioota matiti na ambao matiti yalirudi nyuma baada ya kuacha kupaka. Mafuta ya lavenda na ya mti wa chai yameripotiwa pia kwa watoto walioota matiti, na kwao vilevile hali ilirudi baada ya kuacha. Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote, vitoe vipodozi vyote vya bafuni na mezani, usome maandishi ya nyuma moja baada ya jingine, na uulize kila mtu mzima anayemshika mtoto anapaka nini. Estrojeni ikitoka nje, dawa ni kuondoa chanzo. Sindano ya GnRH haiwezi kuzuia kitu ambacho pituitari haikukianzisha.

Mengine tunayapita haraka. Msichana hufuata umri wa mama yake kwa kiasi kikubwa, na jeni iitwayo MKRN3, iliyotambuliwa mwaka 2013, husababisha balehe ya mapema katika baadhi ya familia, ila athari yake hurithiwa kupitia kwa baba pekee, kwa hiyo ulizeni upande wa baba pia. Msongo wa maisha ya utotoni umehusishwa na kuanza mapema. Mwaka 2020, shule zilipofungwa, kliniki za nchi kadhaa, Italia ikiwemo, zilipokea wasichana wengi kuliko kawaida wenye balehe ya mapema, na mpaka sasa mjadala ni kama ilikuwa uzito, usingizi, skrini au wasiwasi.

Vipimo vya kumthibitisha mtoto ni vitatu vya msingi. Cha kwanza ni picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto na kifundo chake, vidole vimetandazwa bila kugusana. Daktari hulinganisha gegedu za ukuaji na picha za kitabu cha Greulich na Pyle ili kupata umri wa mfupa. Kuna kijifupa kidogo kando ya fundo la kidole gumba ambacho kwa wasichana hujitokeza umri wa mfupa ukikaribia miaka 11. Kikionekana kwa mtoto wa miaka 7, hakuna ubishi kwamba mifupa imetangulia. Mfupa ukitangulia umri wa kalenda kwa chini ya mwaka mmoja, subiri miezi mitatu hadi sita upime kimo tena kabla ya kuagiza chochote, kwa maana wasichana wengi huanza, wakasimama wenyewe, au wakaenda polepole sana.

Cha pili ni LH ya damu ya asubuhi, na ikiwa ya mpakani, kipimo cha kuchochea: mtoto anapewa GnRH au leuprolidi ya muda mfupi, kisha damu inachukuliwa baada ya muda. LH ikipanda kupita 5 IU/L, ubongo ndio unaoendesha balehe. Ikibaki chini wakati matiti yanakua, tafuta chanzo kingine: uvimbe wa ovari, ugonjwa wa McCune-Albright wenye mabaka ya kahawia kwenye ngozi, au krimu ya nyumbani. Cha tatu ni ultrasaundi ya nyonga kuona ukubwa wa mji wa mimba na ovari. MRI ya ubongo ni ya lazima kwa walioanza kabla ya miaka 6 na kwa yeyote mwenye kichwa kuuma, kuona vibaya au degedege.

Mtoto mwenye nywele za kinena na harufu ya kwapa bila matiti ni habari nyingine. Hizo ni homoni za tezi za juu ya figo, na dawa hizi hazizigusi. Mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye titi dogo bila dalili nyingine naye kwa kawaida huachwa, akipimwa kimo tu.

Basi, kwa aliyethibitishwa, ipi kati ya njia nne za kumpa dawa hizi: ya mwezi, ya miezi mitatu, ya miezi sita au kijiti?

Sindano ya kila mwezi ndiyo yenye historia ndefu, na ndiyo tunayoipa alama ya chini kabisa kwa matumizi ya nyumba yenye shughuli. Leuprolidi ya mwezi huchomwa kwenye msuli. Nchini Marekani kipimo cha kuanzia hufuata uzito: 7.5 mg kwa mtoto wa hadi kilo 25, 11.25 mg kati ya 25 na 37.5, na 15 mg juu ya hapo, kwingine 3.75 mg hutumika sana. Faida yake ni kwamba ukitaka kuacha, inaisha haraka. Hasara ni sindano 12 hadi 13 kwa mwaka, na mtoto anayepiga kelele kuanzia getini. Wiki mbili za kuchelewa zinatosha pituitari kuamka, na ikiamka hushtuka upya, damu ikarudi. Muuguzi asichanganye haraka pia: unga na maji yake hukaa kwenye sirinji moja yenye vyumba viwili, inashikwa wima, kipini kinasukumwa taratibu, kisha inagongwa kidogo mpaka yote iwe kama maziwa bila madonge. Ikiachwa mezani dawa hutuama chini, na mtoto hupata pungufu ya alichoandikiwa.

Ya miezi mitatu, leuprolidi ya 11.25 mg au 30 mg, hupunguza safari hadi nne kwa mwaka. Ile ya 11.25 mg wakati mwingine haizimi LH kikamilifu inapopimwa maabara, ingawa matiti na mifupa husimama. Kwa msichana mwenye kilo nyingi, tungeanza na 30 mg.

Ya miezi sita ndiyo chaguo letu kwa walio wengi. Kuna triptorelini ya 22.5 mg ya kwenye msuli, kila wiki 24, na leuprolidi ya 45 mg. Aina ya leuprolidi ya 45 mg inayochomwa chini ya ngozi, tumboni au juu ya tako, ina ujazo wa chini ya nusu mililita, na kwa mtoto mwembamba mwenye msuli mdogo hiyo ni tofauti kubwa. Ila ina masharti. Hutunzwa kwenye friji, hutolewa mapema ifikie joto la chumba, kisha sirinji mbili huunganishwa na dawa husukumwa huku na huko kwa karibu sekunde 45, na kuchomwa ndani ya dakika 30. Kuitikisa tu hakutoshi. Kosa moja hapa linagharimu miezi sita, kwa hiyo tunapendekeza LH ipimwe baada ya miezi mitatu hadi minne ya dozi ya kwanza, bila kungojea dozi ya pili.

Kijiti cha histrelini, 50 mg, chenye urefu wa sentimita 3.5 na unene wa milimita 3, huingizwa chini ya ngozi ya ndani ya mkono wa juu, ule asiouandikia. Huzima LH vizuri sana na kimeandikwa kuwa cha mwaka mmoja, ingawa tafiti zimeonyesha vingine huendelea hadi miaka miwili. Hakuna ratiba ya kusahau. Lakini ni upasuaji mdogo wenye ganzi, na kwa mtoto mwoga huhitaji dawa ya kumtuliza. Mkono usilowe maji saa 24, na asibebe vizito wala kubembea kwenye vyuma kwa siku saba. Shida halisi iko kwenye kukitoa. Kikikaa muda mrefu huwa laini na hukatika vipande, na daktari asiye na uzoefu anaweza kukitafuta kwa dakika nyingi huku mtoto akilia, hadi ultrasaundi iitwe. Ukichagua kijiti, uliza kwanza ni nani atakayekitoa, na ameshatoa vingapi.

Madhara ya kuangalia kwa zote: uvimbe mgumu mahali pa sindano, na mara chache jipu lisilo na vijidudu ambalo hujirudia kila dozi, ishara ya kubadilisha aina. Kichwa kuuma kusikoisha pamoja na kuona ukungu au kuona vitu viwili ni cha kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo juu ya shinikizo la maji ya ubongo kwa watoto wanaotumia dawa hizi. Uzito unaweza kupanda kidogo mwanzoni, lakini tiba haijaonyeshwa kuwafanya wanene daima. Mifupa hupunguza kasi ya kujaa madini wakati wa tiba na hufidia baada ya kuacha. Kalisiamu na vitamini D vya kutosha vinafaa.

Ufuatiliaji ni kimo kila miezi mitatu hadi sita kwa kipimo kilekile cha ukutani, bila viatu, na eksirei ya mkono mara moja kwa mwaka. Kasi ya ukuaji itashuka, na wazazi hushtuka wakidhani mtoto amedumaa. Ndivyo inavyotakiwa: anarudi kukua kama mtoto. Ikishuka chini ya sentimita 4 kwa mwaka, mwambie daktari, pengine dawa inazima kupita kiasi au tezi nyingine ina tatizo.

Wengi huacha wakiwa na miaka karibu 11, umri wa mfupa ukiwa kati ya 12 na 12.5. Matiti huanza tena ndani ya miezi michache, na hedhi huja kwa wastani baada ya mwaka na miezi minne, kwa wengine mapema zaidi, kwa wengine miaka miwili au zaidi. Dozi ya mwisho ya miezi sita huendelea kufanya kazi mpaka iishe, kwa hiyo hesabu kuanzia mwisho wa nguvu yake, na si siku aliyochomwa. Ikipita miaka miwili tangu hapo bila hedhi, rudini kliniki LH na estrojeni zipimwe.